Madirisha ya vioo vya rangi kwa kanisa Kisumu: stika, risasi, zege au jipsam?

Nyota wa Riat

Wadau, hamjambo. Niko kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa letu huku Riat, juu ya Kisumu. Paa limeezekwa na plasta imeisha. Yamebaki matundu ya madirisha: manane marefu membamba, manne ukuta wa kaskazini na manne wa kusini, na duara moja kubwa upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu. Waumini wanataka vioo vya rangi, na wameshachanga kwa moyo.

Tumeletewa mapendekezo matatu. La kwanza ni stika, yaani plastiki iliyochapishwa picha za watakatifu na kubandikwa kwenye kioo cha kawaida. La pili ni vioo vya rangi halisi vilivyokatwa vipande vipande na kuunganishwa kwa mikanda ya risasi (ile metali laini, si ya bunduki), kama ya makanisa ya kale ya Ulaya. La tatu ni vipande vinene vya kioo vinavyomwagiwa zege katikati. Bei zimepishana mno, ndiyo maana nusu ya kamati inaegemea stika. Mimi naogopa tutajuta. Kwa jua la huku kwetu, kipi kitadumu, na kikivunjika nani atakitengeneza?

Fundi Kibuye

Nyota, stika itoeni kwenye orodha. Nimefanya kazi ya vioo hapa mjini tangu ujana wangu, na stika za madukani nimezibandua nyingi. Jua hula wekundu kwanza, kisha manjano, mwishowe mtakatifu anabaki wa buluu na kijivu. Gundi nayo inakauka na kutoa mapovu pembezoni. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: picha nyeusinyeusi ikibandikwa kwenye kioo cha kawaida inafyonza joto. Katikati ya kioo panachemka huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukibaki na ubaridi, na kioo kinapasuka chenyewe mchana kweupe bila kurushiwa jiwe.

Rangi ya kioo halisi haipauki kwa sababu haikupakwa juu, imo ndani ya kioo chenyewe. Kobalti inatoa buluu, shaba inatoa kijani au wekundu kutegemea moto wa tanuri, manganizi inatoa zambarau, dhahabu kidogo inatoa waridi. Miaka 800 baadaye buluu bado ni buluu.

Mwalimu wa Maseno

Naunga mkono, na niongeze historia kidogo maana inasaidia kuchagua.

Madirisha ya picha ya zamani zaidi ambayo bado yamo katika kanisa lake ni ya manabii watano kule Augsburg, Ujerumani, yaliyotengenezwa miaka ya karibu 1100. Enzi hizohizo kulikuwa na mtawa aliyejiita Theophilus, akaandika kazi nzima hatua kwa hatua. Fundi alipaka chokaa kwenye meza ya mbao, akachora dirisha zima hapo kwa ukubwa wake, akaweka kioo juu ya mchoro na kukipasua kwa chuma cha moto, kisha akakimega kingo polepole hadi kifuate mstari. Uso, vidole na mikunjo ya nguo vilichorwa kwa rangi ya kahawia yenye unga wa kioo na oksidi ya chuma, ikachomwa tanurini hadi ikashikamana na kioo. Leo badala ya chuma cha moto tunatumia almasi au kigurudumu, lakini mengine Theophilus angeyatambua yote.

Mwaka 1144 Abate Suger alizindua upande mpya wa madhabahu wa kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, na hapo ndipo kuta za mawe zilipoanza kuachia vioo nafasi. Kufikia 1248 kanisa dogo la Sainte-Chapelle, Paris, lilikuwa na madirisha 15 yenye picha 1,113 za Biblia. Waumini wengi hawakujua kusoma. Ukuta ndio uliowasimulia. Kule Chartres madirisha zaidi ya 170 yaliondolewa yote vita vya pili vya dunia vilipokaribia, yakafichwa, na amani iliporudi yakarejeshwa mahali pake. Hili liliwezekana kwa sababu ya risasi: dirisha la risasi hufunguliwa paneli moja moja. Kamati yenu ipime hilo, maana uliuliza juu ya kutengeneza.

Boda wa Kondele

Mwalimu, shuleni tuliambiwa kioo ni kimiminika, kinateleza chini polepole, ndiyo maana vioo vya kale ni vinene upande wa chini. Je, hayo madirisha hayataporomoka?

Mwalimu wa Maseno

La, ndugu yangu. Kioo kikishapoa ni kigumu na hakitiririki. Zamani kilipulizwa na kuzungushwa au kukunjuliwa kwa mkono, kwa hiyo kila kipande kilitoka na upande mnene na upande mwembamba. Viko vioo vya kale ambavyo unene umekaa juu, na vingine ubavuni.

Dada Kakamega

Nyota, mimi naomba msisahau mvua ya mawe. Huku Kakamega tunaijua, na wenzetu wa Kericho na Nandi Hills ndio kabisa, inapiga majani ya chai hadi yanabaki vijiti. Kanisa la kijijini kwetu lilipoteza vioo vya upande mzima kwa mvua ya alasiri moja. Mikanda ya risasi inahimili mawe?

Fundi Kibuye

Dada, risasi ni laini, na ulaini huo ni nguvu yake pia. Upepo ukisukuma, paneli inajikunja kidogo na kurudi. Jiwe likipiga, kinavunjika kipande kimoja cha kiganja na vingine vinabaki. Fundi anafungua midomo ya mkanda, yaani kingo zinazokishika kioo, kwa kisu, anatoa kilichovunjika, anakata kingine, anafunga. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Sehemu zenye mawe mengi weka wavu wa chuma kwa nje, kwenye fremu yake, mbali kidogo na kioo.

Lakini joto nalo lina mambo yake. Risasi hutanuka karibu mara tatu kuliko kioo. Ukitengeneza paneli kubwa na kuielekeza kwenye jua la alasiri, miaka ikipita inatoka tumbo. Dawa yake inajulikana: kila paneli isizidi mita moja ya mraba, na kila dirisha lipitishiwe vyuma vya mlalo vilivyofungwa kwenye risasi kwa nyaya za shaba. Nyota, akija fundi mwulize vyuma hivyo viko wapi kwenye mchoro wake. Asipoelewa swali, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Niwaeleze pia jinsi ya kumpima mtu wa risasi. Kabla ya kuutumia mkanda anaubana ncha moja kwenye vaisi na kuvuta ncha ya pili kwa koleo hadi unyooke na kukaza. Vipande anavishikilia mezani kwa misumari bapa, ile ya kupigilia viatu vya farasi, ili visihame. Maungio yote anayalehemu pande mbili. Halafu inakuja hatua ambayo wavivu wanairuka: unga wa chokaa uliokorogwa na mafuta ya kitani unasuguliwa kwa brashi chini ya midomo ya kila mkanda, mbele na nyuma, kisha unakaushwa kwa vumbi la mbao. Bila hiyo paneli inalialia kwa upepo, na mvua inaingia hadi kwenye mabenchi.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kuwaambia atayeyusha betri kuukuu za gari apate risasi ya bei nafuu. Tunajua yaliyowapata watoto wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Risasi inunuliwe ikiwa mikanda tayari, fundi anawe mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie meza.

Mchongaji wa Milimani

Mimi nasimama na zege, angalau kwa lile duara.

Mtindo huu ulianza Ufaransa kati ya vita viwili vya dunia. Kioo kinamwagwa kuwa bamba lenye unene wa kama sentimita 2.5, kisha unakivunja juu ya patasi iliyosimamishwa kwenye gogo, kwa nyundo yenye makali. Kingo unazimega kwa makusudi ziwe na vigaga kama jiwe la thamani, na kila kigaga kinarusha mwanga upande wake. Vipande vinapangwa ndani ya fremu ya mbao juu ya mchoro, halafu zege au epoksi (gundi ya kemikali inayokauka ikawa ngumu) inamiminwa katikati. Kanisa la ukumbusho la Kaiser Wilhelm, Berlin, lililofunguliwa 1961, lina vipande zaidi ya 20,000 vya namna hii, vingi vya buluu, kazi ya Gabriel Loire wa Chartres. Si lazima mwende Berlin. Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, kwenye karakana alizoanzisha msanii Nani Croze, kazi ya vioo vya rangi imefanyika kwa miongo, na vioo chakavu vya madirisha na chupa vinayeyushwa kuwa kioo kipya. Kamati ipande matatu ikaone kwa macho kabla ya kupiga kura.

Kwa nini duara? Kioo chembamba cha rangi nyepesi kikipigwa na jua la saa mbili asubuhi kinachoma macho ya waumini. Kioo kinene cha buluu na kijani kinalimeza jua hilo na kulirudisha likiwa limepoa.

Ubaya wake nausema wazi. Uzito ni kama kilo 60 kwa mita ya mraba. Duara la mita 2 linakaribia kilo 190, kwa hivyo ligawanywe paneli kadhaa kwenye fremu ya chuma, na injinia aangalie linta, boriti iliyo juu ya tundu. Paneli za mwanzo za zege zilipasuka mahali pengi kwa sababu nondo za ndani zilishika kutu na kuvimba. Ndiyo maana wengi walihamia epoksi. Na kipande kikivunjika hukibadilishi kwa kisu kama risasi. Unachonga zege, na pengine unatoa paneli nzima.

Abu Salim, Nakuru

Asalaam aleikum. Mmezungumza Ulaya tu, na kuna njia ya nne iliyo karibu nasi zaidi. Katika miji ya Sanaa (Yemen), Cairo na Istanbul vioo vya rangi vimeshikwa kwa jipsam kwa karne nyingi. Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika 1557, una madirisha ya namna hiyo juu ya kibla. Fundi anamwaga bamba la jipsam, anachora maua au nyota, anachonga matundu likiwa bado na unyevu, na kubandika vioo kwa nyuma. Matundu yanachongwa kwa mshazari ili anayesimama chini aone rangi vizuri.

Hapa Nakuru vijana wa dari za jipsam wako kila mtaa na mikono yao ni mizuri ajabu. Wakipewa mchoro mzuri, hii wanaiweza. Sharti ni moja: jipsam haivumilii mvua. Waturuki waliweka dirisha mbili, la rangi ndani na la kioo cheupe nje. Mkifanya hivyo acheni upenyo wa hewa katikati, la sivyo joto na umande vitakaa humo.

Nyota wa Riat

Shukrani nyingi, Abu Salim, na nyote. Mama mmoja wa kamati ameuliza jambo ambalo hatukulifikiria: Kisumu ni joto. Tukiziba matundu yote kwa vioo, waumini mia tatu watapumulia wapi?

Mchora Ramani

Huyo mama ameuliza swali kubwa kuliko yote humu. Ulaya waliziba madirisha kwa sababu ya baridi. Sisi tunahitaji upepo wa ziwa.

Riat iko karibu kabisa na ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri liko utosini. Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini, kwa nyuzi kama 23 tu. Kwa hiyo yale madirisha manane yatakuwa kwenye kivuli cha upenu saa nyingi za mwaka, yakipata mwanga wa anga peke yake. Mkiweka humo rangi nzito mtawasha taa mchana. Wekeni rangi nyepesi, manjano, kijani cha maji, na kioo cheupe kingi. Robo ya chini na robo ya juu ya kila dirisha iwe luva au matofali ya matundu, hewa iingie chini na joto litoke juu. Kioo cha rangi kikae katikati, kwenye risasi, kwa paneli ndogo kama alivyosema Fundi. Mashariki ndiko jua linakuja uso kwa uso wakati wa ibada, kwa hiyo huko rangi nzito zina kazi, na hoja ya Mchongaji naikubali.

Jambo moja la mchoraji: buluu husambaa machoni na kumeza rangi jirani, wekundu hujikusanya. Waliotengeneza Chartres walilijua hilo, wakaweka mistari myeusi na ushanga mweupe kati ya buluu na nyekundu. Mchoro wa kompyuta hauonyeshi hili. Dai sampuli ya kioo chenyewe, iwekwe kwenye tundu, mtu akae kwenye benchi la nyuma na aiangalie asubuhi na jioni.

Dada Kakamega

Na kioo chekundu mbona bei yake iko juu hivyo?

Fundi Kibuye

Wekundu ni mgumu kuupata tanurini, na waridi halisi ni dhahabu. Tena nyekundu ya kale ikiwa nene inageuka nyeusi, kwa hiyo mafundi waliilaza tabaka jembamba juu ya kioo cheupe. Dada, mtu akikuuzia, itazame ukingoni: utaona mstari mwekundu kama uzi na chini yake weupe. Hicho ndicho.

Nyota, kabla hujalipa chochote, pima kila tundu juu, katikati na chini, upana na urefu, maana matundu yaliyopigwa plasta hayafanani hata yakiwa kwenye ukuta mmoja. Agiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote, punguza milimita tatu kila upande kwa ajili ya puti, na uandike namba ya dirisha kwenye fremu na kwenye karatasi ya fundi.