Tumenunua msitu Maine, sasa tunataka kulima: Tree Growth itatubana?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwaka jana mwezi wa nane tulinunua ekari 38 huku Maine, Marekani, karibu zote msitu. Bili ya kodi ilikuja ndogo hadi nikadhani wamekosea. Kumbe ekari 35 ziko kwenye Tree Growth, ile sheria ya 1972: msitu wa kuvuna mbao unatozwa kwa kile miti inachoweza kuzalisha, si kwa bei ya sokoni. Aliyetuuzia hakutuambia lolote. Sisi tunataka kufyeka ekari 6 tupande lengalenga na mahindi, na tujenge nyumba. Nasikia kuna faini. Nishaurini kabla baba Neema hajawasha msumeno.

Mzee wa Lewiston: Mwanangu, msumeno ukae kwanza. Ukitoa ardhi humo, wanachukua tofauti ya bei ya soko na thamani ya Tree Growth, wanakutoza asilimia 30 yake. Ardhi ikikaa humo zaidi ya miaka 10, inashuka asilimia 1 kila mwaka, mwisho 20. Kipande cha dola 20,000 sokoni, kilichoandikwa 2,000 kwenye Tree Growth, kitakutoa dola 5,400.

Lakini kinachonitia hofu ni kingine. Mnunuzi ana mwaka mmoja tu kupeleka kiapo ofisi ya mji, kwamba ana mpango mpya wa msitu au anafuata ule wa zamani. Umesema mwezi wa nane. Hesabu!

Kaka Shamba: Dada, shamba halina haja ya faini. Omba zile ekari 6 zihamie moja kwa moja Farmland, ule mpango wa kodi nafuu kwa mashamba. Wanataka ekari 5 zilizoungana na mapato ya dola 2,000 kwa mwaka. Ndiyo mnaanza, kwa hiyo ombeni ile nafasi ya muda ya miaka 2. Fomu ifike kabla ya tarehe 1 Aprili. Msitu unaobaki unavuka ekari 10, uko salama. Nyumba ndiyo ingewagharimu, iwekeni nje ya zile 35.

Mama Neema: Mungu awabariki. Nyumba itakaa kwenye ekari 3 za barabarani. Leo tumezunguka mpaka, misonobari ina alama za rangi usawa wa kifua. Nimempata bwana misitu aliyeandika mpango: miaka 10 ya mpango huo inaisha mwaka huu. Anakuja Jumamosi, na kiapo nitakipeleka Jumatatu asubuhi.