Mshipa wa juu ya kisigino: mliopona kwa fizio tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni, naanza na yangu ili na wengine mfunguke. Nipo Moshi, Soweto. Mwaka jana najiandaa na nusu ya Kilimanjaro Marathon nikaongeza kilomita haraka mno, kila jioni napandisha barabara ya Kibosho, siku moja naamka nakanyaga chini mguu umekaza, chooni nimeenda nimeshika ukuta. Ukiminya ile kano (huo mshipa unaounganisha kigimbi na kisigino) vidole vitatu juu ya kisigino unakuta imevimba kama harage. Nikapumzika wiki tatu nzima, nikachuliwa, nikakandwa, narudi kukimbia tu maumivu yaleyale.

Fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) akaniambia kano haiponi kwa kulala, inataka uzito ila kidogo kidogo. Nasimama kwenye ngazi kwa nyayo za mbele, napanda na miguu yote miwili, nashuka na ule unaouma peke yake, taratibuuu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15 raundi 3 goti limenyooka, raundi 3 tena goti limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Yani 180 kwa siku! Mwanzoni inauma haswa, ila alinipa kipimo: isizidi 5 kwenye 10, na kesho asubuhi mguu usiwe umekaza kuliko leo, ukikaza punguza. Kama wiki ya sita hivi nikajikuta nashuka ngazi siwazi, nikaanza kufanya na begi lina mchele kilo 5 mgongoni.

Mama Wawili, Arusha: Pole sana kaka. Mimi yangu inauma chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa, nasimama siku nzima sokoni Kilombero. Nikaiga hayo ya ngazi kwenye video, nikajiumiza zaidi. Fizio akanambia wewe usishushe kisigino kupita usawa, fanyia sakafuni, akaniwekea na kisoli cha kuinua kisigino ndani ya raba, ndala nikaziweka kando. Miezi minne imepita, naweza kusimama mpaka jioni, nashukuru Mungu. Jamani muulize kwanza yako ni ya wapi.

Mgumu wa Mweka: Sisi wabeba mizigo mlimani vigimbi vinakoma. Mimi niliulizwa nimekunywa dawa gani karibuni, kumbe ile sipro ya tumbo (antibayotiki ya ciprofloxacin) inaweza kudhoofisha kano, sikuwahi kusikia. Mkienda semeni dawa zote.

Dada Sakina: Na sindano je? Mwenzangu kashauriwa achome.

Mleta uzi: Dada, mimi fizio alinikataza sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwenye kano yenyewe, inaweza kukatika. Mwambie akaulize vizuri kabla hajachoma. Na akisikia paa! kama kapigwa teke nyuma ya mguu halafu hawezi kusimamia vidole, hapo hakuna cha mazoezi, aende hospitali siku hiyohiyo.