Projekta inaandika "No Signal" nikiweka 4K ila king'amuzi kinaonyesha vizuri, ni bodi kweli?

mpenda_sinema_mza
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijaliwa hela. Nina projekta ya 4K (ile picha yenye nukta mara nne ya Full HD) nimeifunga darini sebuleni, huu mwaka wa pili, waya wa HDMI wa mita 15 umepita juu ya jipsam mpaka kwenye resiva ya home theater iliyopo kabatini, na kila kitu kinaingia kwenye hiyo resiva. Mpira naangalia freshi kabisa kwa king'amuzi, haijawahi kusumbua hata siku moja. Sasa mwezi uliopita nikanunua kiboksi cha kustrimu cha 4K, nikikiwasha menyu inakuja imejaa vidoti vyeupe kama mtu kamwaga chumvi kwenye skrini, baada ya sekunde kama kumi picha inakata, inarudi, inakata tena, mwisho inabaki bluu na maandishi No Signal, lakini sauti kwenye spika inaendelea kama hakuna kilichotokea. Fundi kaja kaangalia dakika tano kasema bodi ya projekta imekufa, laki nne na nusu. Nimpe?

kijana_wa_kona
Pole mkuu. Mimi ningenunua kile kiadapta cha kugeuza HDMI iwe VGA, ile plagi ya zamani ya kompyuta, bei ya soda mbili tatu, projekta nyingi zina tundu la VGA na halinaga mambo mengi.

mzee_wa_waya
Hapana kijana, hapo unampoteza. VGA haibebi HDCP, yaani ule ulinzi wa kuzuia watu kurekodi, kwahiyo app za kulipia zitakataa kucheza kabisa au zitampa picha mbovu, na 4K ndo asahau.

Mleta mada usimpe huyo fundi hata mia. Mwenyewe umeshajijibu ila hujajisikia: sauti inaendelea. Maana yake kiboksi na resiva wanaelewana vizuri tu, shida inaanzia resiva kwenda darini. Na projekta ingekuwa imekufa bodi mpira ungeuona wapi?

Sikiliza. King'amuzi chako nina uhakika kinatoa 1080i, ile HD ya kawaida ya TV, hiyo inapitisha data gigabiti 2 na kidogo kwa sekunde. Kiboksi kikijiseti 4K ya 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kinasukuma karibu gigabiti 18 kwenye waya uleule. Waya wa shaba wa kawaida ukizidi mita tano, sita kwa mzigo huo ni bahati nasibu, sasa wewe una 15. Wala usiangalie boksi la waya limeandikwa nini, nimeshashika waya mwembamba kama wa chaja ya simu umeandikwa 8K. Vile vidoti ni data inayopotea njiani, zikipotea nyingi projekta inakata tamaa inaandika No Signal.

Fanya hivi leo leo: ingia seting za kiboksi, toa ile ya "auto" weka 1080p 60Hz, yaani Full HD. Hapo mzigo unashuka mpaka gigabiti 4 na nusu hivi. Ikitulia, ulete jibu.

mpenda_sinema_mza
Aisee mzee wa waya, imetulia! Nimeiacha saa nzima haijakata hata mara moja. Ila roho inauma mkuu, projekta ya 4K niangalie 1080p? Na nitajuaje kweli sio projekta yenyewe inayoshindwa 4K?

mzee_wa_waya
Panda na kiboksi juu. Chukua ule waya mfupi uliokuja na kiboksi, chomeka moja kwa moja kwenye projekta, resiva iweke pembeni. Weka 4K. Ikikubali, projekta haina kosa, na mshitakiwa mkubwa ni waya wa darini.

Na ukija kuona skrini nyeusi tii bila vidoti, tena ukifungua filamu tu wakati menyu inaonekana, huo ni ugonjwa mwingine, hapo ndo uanze kuuliza HDCP. Chako sicho.

dada_wa_chuga
Naongezea hapo kwenye waya mpya maana yalinikuta. Nunua ule wa HDMI wa fiber, kwa mita 15 ndo unaobeba 4K bila kelele. LAKINI una mbele na nyuma jamani! Kichwa kimoja kimeandikwa Source, hicho kinakaa upande wa resiva, kingine Display kinaenda kwenye projekta. Mimi nilimsimamia fundi umeme akaupitisha, akaziba, akapiga na rangi, kuwasha giza. Tumekuja kugundua tumeugeuza, dari likatobolewa upya na mume wangu hakuniongelesha hadi jumatatu. Kwahiyo kabla haujapanda juu utandaze sakafuni, chomeka pande zote mbili, angalia filamu hata nusu saa. Na usiukunje kwenye kona wala kuupigilia misumari ya klipu kwa nguvu, ndani ni kioo kile, ukivunjika hauungiki. Kama unaweza weka bomba la plastiki humo darini uupitishe ndani yake, siku nyingine unauvuta tu.

kijana_wa_kona
Sawa nimekubali nimepotosha 😂 vipi kuhusu zile za kupitisha HDMI kwenye waya wa netiweki wa Cat6?

mzee_wa_waya
Zipo na zinafanya kazi, ila nyingi za bei nafuu zinaishia 1080p, na mara nyingi kila upande unataka adapta yake ya umeme. Kwa mita 15 ndani ya nyumba sioni sababu.

mpenda_sinema_mza
Mrejesho wakuu. Nimepanda ngazi na extension shingoni, kiboksi mkono wa kushoto, wife kashikilia ngazi huku ananiuliza bima ya afya nimelipia. Nimechomeka waya wa mita moja na nusu, 4K 60Hz imekubali hapohapo, safi, hakuna chumvi hata punje. Nikaikodolea macho robo saa nikiwa juu ya ngazi kama mjusi. Projekta mzima kabisa.

Waya wa fiber nimeagiza Dar unakuja na basi, kwa sasa tunaendelea na 1080p na kusema ukweli watoto hawajaona tofauti. Yule fundi kanipigia leo asubuhi ananiuliza ile projekta naileta lini, bodi kashaipata.