Viza ya Schengen au Cape Town bila viza: mkulima wa zabibu wa Dodoma nichague ipi?

Mkulima_Hombolo

Wakuu, mbukwenyi. Nina ekari tatu za mizabibu huku Hombolo. Mwakani mimi na mama watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumejibana mpaka tumefikisha milioni tisa. Tunataka kutoka nje ya nchi walau mara moja, na safari yenyewe iwe ya kuona wenzetu wanavyolima zabibu.

Moyo wangu uko Italia. Babu yangu kazi ya mizabibu alijifunzia kwa mapadre Waitaliano wa misheni ya Bihawana, na hadithi alizokuja nazo nyumbani zilikuwa za huko. Mke wangu anasema Cape Town, Afrika Kusini, eti kule hakuna viza. Ndege hatujawahi kupanda, pasipoti hatuna. Naomba ulinganisho wa mtu aliyekwenda, siyo wa kuambiwa. Natanguliza shukrani.

Mhasibu_AreaD

Mkuu, mimi nimefika kote kuwili. Italia walininyima mara ya kwanza, nikapata ya pili, kwa hiyo nitaongea kwa uchungu kidogo.

Pasipoti ni kazi ya kwanza, huko kwingine mtabishana baadaye. Unajaza maombi kwenye tovuti ya Uhamiaji, gharama ni Sh 150,000 kwa kila mmoja, na inadumu miaka 10. Hakikisha jina la kwenye kitambulisho cha NIDA na la kwenye cheti cha kuzaliwa ni lile lile. Herufi moja ikipishana utazunguka mpaka uchoke.

Sasa Schengen, ndiyo viza ya Italia. Viza moja inakuingiza nchi 29 za Ulaya, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, juu yake kuna tozo ya kituo kinachopokea maombi. Ukinyimwa hairudi hata senti. Unatakiwa uwe na bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala usisubiri zibaki siku chini ya 15. Na unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siyo ile yenye miadi ya karibu. Wengi wanakwama hapo.

Halafu alama za vidole. Huwezi kumtuma mtu, na vituo viko Dar. Makao makuu ya nchi yako kwetu, ila balozi nyingi bado ziko pwani! Treni ya SGR nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000. Wewe na mama, kwenda na kurudi, tayari ni 124,000 kabla hujalala wala kula. Bado safari ya kufuata pasipoti.

Kijana_Udom

Dubai mkuu. Viza unashughulikiwa na wakala au shirika la ndege, hakuna kwenda Dar kuweka vidole, unapiga picha kwenye ghorofa refu, unarudi.

Mama_Ntyuka

Dubai akaangalie zabibu gani, za supamaketi? Soma swali mwanangu.

Kaka Mkulima, hakuna aliyekuuliza la msingi: unaenda mwezi gani? Mimi nami nina mizabibu, ekari moja na nusu. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Italia wanavuna mara moja, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Oktoba. Ukitaka kuwaona wakivuna, na zako zinaiva nyumbani. Nani atasimama na mizani kiwandani? Cape nako wanavuna kati ya Januari na Machi, yaani umegonga mwamba kule kule.

Ila Cape ina mwanya. Julai kwao ni baridi, mizabibu imelala, wako kwenye kupogolea. Wewe mwezi huo zako bado hazijaiva. Na mkulima kinachomfaa ni mkono wa kupogolea kuliko kutazama watu wakijaza kreti. Kuvuna tunajua wote.

Mkulima_Hombolo

Dada umenipiga sehemu. Nilikuwa nimepanga Septemba kabisa, sikuhesabu mavuno.

Mhasibu, naomba ufafanue hilo la kunyimwa. Mimi sina mshahara. Kiwanda kinalipa baada ya mavuno, mara mbili kwa mwaka, na pengine kinachelewa. Hela nyingine iko kwenye simu, nyingine mama anaijua ilipo.

Mhasibu_AreaD

Hiyo hela ambayo mama anaijua ilipo, kwa ubalozi haipo.

Mara ya kwanza nilimtumia wakala, simtaji. Akaniambia nikope kwa shemeji milioni kumi niziweke kwenye akaunti wiki mbili kabla. Akanitengenezea na karatasi ya hoteli ambayo haikuwa na nafasi yoyote iliyoshikwa. Jibu lilikuja na fomu iliyotiwa alama za vema kwenye sababu: hawakuridhika na uthibitisho wa makazi, na wana shaka kama nitarudi. Walinisoma vizuri tu. Stetimenti ya miezi sita inaonyesha laki tatu, laki mbili, laki nne, halafu ghafla milioni kumi. Hata mimi mhasibu nisingeniamini.

Mara ya pili nilijaza mwenyewe. Nikaweka mshahara wangu kama ulivyo, barua ya mwajiri ya ruhusa ya likizo, hati ya kiwanja, vyeti vya watoto wanaobaki. Siku nikazipunguza kutoka 21 hadi 9, ziendane na kipato. Nikapata.

Kwa mkulima haishindikani. Hela ya mavuno ya misimu miwili ipite benki ikiwa na jina la anayekulipa. Risiti za mizani, TIN, hati ya shamba au barua ya serikali ya kijiji, cheti cha ndoa. Barua fupi ieleze kwamba kipato chako huingia mara mbili kwa mwaka, ili wakiona miezi mikavu wasishtuke. Lakini hiyo ni kazi ya mwaka mzima, mkuu. Huwezi kuifanya ukiwa umebakiza miezi mitatu.

Dada_wa_Kondoa

Naongezea upande wa Afrika Kusini maana watu wanadhani "bila viza" ni bila maswali. Mtanzania anaingia hadi siku 90, kweli. Lakini Johannesburg, dirishani, afisa aliniuliza tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, na hela ya kutumia. Nilikuwa navyo kwenye simu, na simu ikawa imezima chaji. Nilisimamishwa pembeni nikitafuta pa kuchomeka huku foleni nzima ikinitazama kama mwizi wa kuku. Chapisha kila kitu, weka kwenye bahasha. Pasipoti iwe na kurasa tupu, na muda wake uvuke siku 30 baada ya siku ya kuondoka kwao.

Kwenda Cape Town mimi nilibadilisha ndege hapo Johannesburg. Ukifika, Stellenbosch ni mwendo wa kilomita kama 50. Mji ule ulianza 1679, na shamba la Groot Constantia lililo Cape Town kwenyewe ni la 1685. Franschhoek kuna tramu inayowazungusha watalii shamba hadi shamba. Hiyo ni ya kuonja waini zaidi. Ukitaka kuongea kilimo, andikia shamba barua pepe mapema, ujieleze kuwa ni mkulima.

Mama_Ntyuka

Na huko Cape zabibu nyeupe waliyopanda kuliko zote ni Chenin Blanc, hiyo hiyo iliyoko mashambani kwetu pamoja na Makutupora nyekundu. Unakwenda kuona mche unaoujua ukiwa kwenye mikono mingine. Kabla hujaondoka pita kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, waulize nini cha kuangalia. Mkasi wako uache nyumbani. Udongo wa shamba moja haupelekwi shamba jingine, usije ukahamisha magonjwa.

Kijana_Udom

Basi na mimi nirekebishe. Hela ya vidole na treni watumie kulala Cape siku mbili zaidi.

Mkulima_Hombolo

Nimemsomea mama watoto uzi wote. Amecheka kwenye ile ya hela aijuayo, kisha akanyamaza, kisha akasema Jumatatu tunakwenda wote benki. Sikuuliza ni kiasi gani. Ni zaidi ya nilivyodhani.

Tumeamua Cape Town, wiki ya kwanza ya Julai, siku nane. Mpwa wangu atabaki na bomba la dawa, maana ubwiri, ule ukungu wa mizabibu, hausubiri mtu arudi safari. Italia sijaifuta. Nimefungua akaunti ya mavuno peke yake, na kiwanda nimekiandikia kilipe huko. Baada ya misimu miwili nitawasumbua tena hapa.

Swali la mwisho: mama anauliza kama baridi ya huko ni ya Dodoma ya Juni, ile ya kujifunga khanga mbili, au ni zaidi?

Dada_wa_Kondoa

Zaidi, na ina mvua. Makoti mazito nenda mnadani Msalato Jumamosi, uwahi wakifungua belo. Ukifika saa sita unakuta zimebaki suti za harusi.