Wakala anawauzia madereva wa peke yao pwani ya magharibi ya Ireland kwa ratiba ya hatari: nataka majibu na fedha zangu

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, na uzi huu ni mrefu, lakini wakala ninayemlalamikia bado anawauzia Waafrika Mashariki tunaoishi Ulaya safari ileile, kwa bei ileile na kwa maneno yaleyale, kwa hiyo sioni sababu ya kunyamaza. Jina lake silitaji kwa sasa kwa kuwa madai yangu yako mezani kwake na sitaki apate kisingizio cha kugeuza mjadala. Aliyewahi kuletewa ratiba yake ataitambua.

Anachouza ni safari ya gari ya mtu mmoja kwenye njia inayoitwa Wild Atlantic Way, ambayo ilizinduliwa mwaka 2014 na inafuata pwani ya Atlantiki kwa takriban kilomita 2,500, kutoka rasi ya Inishowen katika jimbo la Donegal hadi mji wa Kinsale katika jimbo la Cork. Pwani hiyo ni nzuri kupita maelezo, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mtu aliyechukua fedha zangu akaniandikia njia ambayo dhahiri hajawahi kuipita, kisha akaniacha peke yangu kwenye usukani nilipe gharama ya uzembe wake.

Ratiba inaahidi njia yote kwa juma moja. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya kilomita 350 kwa siku, na sehemu kubwa ya kilomita hizo haipo kwenye barabara kuu, ipo kwenye barabara za mikoa na za vijijini, nyembamba kiasi kwamba magari mawili yanapokutana mmoja hulazimika kusubiri mahali palipopanuliwa, na nyingine zina mstari wa nyasi uliojiotea katikati ya lami. Serikali ya Ireland yenyewe iliona hatari hiyo, na tarehe 7 Februari 2025 ikashusha kikomo cha kawaida cha mwendo kwenye barabara za vijijini kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Wakala bado anakokotoa saa zake kana kwamba mtu anaweza kwenda 80 mfululizo kwenye kona za eneo la Connemara zenye kondoo waliolala barabarani. Matokeo yake ni kwamba dereva asiye na wa kupokezana naye anakaa kwenye usukani tangu asubuhi hadi jioni, na kila anaposimama kuangalia alichokifuata anajua kwamba anachelewa kufika anakolala.

Jambo la pili ni mwelekeo, na hapa ninaomba mnisome kwa makini, kwa sababu linahusu usalama wa mtu. Ireland wanaendesha upande wa kushoto kama sisi nyumbani. Anayeshuka kutoka Donegal kwenda kusini anakuwa na bahari mkono wake wa kulia karibu safari nzima, yaani kati yake na bahari kuna njia ya magari yanayomjia. Akitaka kuingia sehemu ya kusimama iliyo upande wa bahari, itambidi akatize mbele ya magari hayo, mara nyingine karibu na kona asiyoona nyuma yake kuna nini, na akimaliza akatize tena kurudi upande wake. Anayeanzia Kinsale akapanda kaskazini anakuwa na bahari mkono wa kushoto, na huegesha na kuondoka bila kumkatiza mtu. Watu wawili wakiwa garini, mmoja anaweza kumwangalizia mwenzake njia na pia kuangalia mandhari kwa niaba ya wote wawili. Dereva wa peke yake ana macho mawili tu, na yote yanatakiwa barabarani. Mtu anayejiita mtaalamu wa safari za watu wa peke yao alipaswa kuanza na jambo hili kabla ya jingine lolote. Yeye ameuza mwelekeo mbaya kwa sababu, kama alivyonijibu kwa barua pepe, ndivyo njia inavyochorwa kwenye ramani, kutoka juu kwenda chini.

Lililoniuma zaidi lilitokea Slea Head, kwenye ncha ya rasi ya Dingle. Barabara fupi ya mzunguko ya pale, inayoanzia na kurudi mji wa Dingle na isiyofika kilomita 50, ina utaratibu ambao wenyeji wote wanaujua na hukuambia kabla hujauliza: mabasi makubwa ya watalii huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na wageni wenye magari madogo wanashauriwa wafuate mwelekeo huohuo, kwa kuwa kuna mahali ambapo upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni ukuta mfupi wa mawe, na chini ya ukuta ni bahari. Ratiba yangu iliandika kinyume chake. Kwa maandishi, na majina ya vituo yakiwa yamepangwa moja baada ya jingine, iliniagiza nianzie upande wa kijiji cha Dún Chaoin na kurudi mjini Dingle kwa njia ya pwani ya kusini, uso kwa uso na mabasi. Nilikutana nayo mahali pembamba kuliko pote. Basi haliwezi kurudi nyuma pale, kwa hiyo nilirudi mimi, kinyumenyume, huku vichaka vikikwaruza ubavu wote wa kushoto wa gari, hadi rimu ya nyuma ikagonga jiwe la upande wa mlima. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesoma habari za kisiwa cha Great Blasket, ambacho wakazi wake wa mwisho walihamishwa mwaka 1953, na nilifunga safari hii hasa ili nikione kutoka ufukoni. Nilipita mbele yake nikiwa nimekaza macho kwenye kioo cha nyuma.

Kuhusu gari lenyewe, wakala ndiye aliyenishauri nilipie kubwa zaidi, eti kwa usalama. Gari kubwa kwenye barabara zile ni mzigo. Njia ya mlimani ya Conor Pass, iliyo kwenye rasi hiyohiyo na ambayo imo kwenye ratiba yake, hairuhusu magari yanayozidi tani 2, na sehemu yake ya juu ni ya gari moja tu, mwamba ukiwa umeinamia barabara. Kisha ikaja bima. Maandishi ya wakala yanasema "bima kamili imejumuishwa". Kwenye dawati la kampuni iliyonikodisha gari nilielezwa kwamba iliyojumuishwa ni ile ya msingi, ambayo humwachia mkodishaji abebe mwenyewe kiasi cha kwanza cha hasara, kiasi kinachofika maelfu ya euro, na ambacho huzuiwa kwenye kadi yake kama dhamana hadi gari lirudi. Bima hiyo haikugusa matairi, rimu, vioo wala sehemu ya chini ya gari, yaani vitu vilevile ambavyo kuta za mawe na mashimo ya barabara za pwani huviharibu kwanza. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mikwaruzo na rimu nimevilipia kwa fedha zangu, na risiti ninazo.

Ninafika kwenye jambo ambalo ndugu zangu wenye pasi za Kenya na Tanzania hawana budi kulijua. Ratiba ilinielekeza nitoke Dublin hadi Inishowen kwa njia fupi, ambayo hupita Ireland ya Kaskazini. Ireland ya Kaskazini ni Uingereza. Mpakani pale hakuna kizuizi wala askari wa kukagua pasi, lakini sheria ipo: viza ya Ireland haimruhusu Mkenya au Mtanzania kuingia Uingereza, na ule mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili ni wa raia wa China na India peke yao. Wakala huyu wateja wake ni sisi, na nakala ya pasi yangu alikuwa nayo, lakini alinipangia safari ya kuvunja sheria za uhamiaji za nchi nyingine bila kuniandikia hata mstari mmoja wa tahadhari. Niliponusurika ni dawatini, nilipoulizwa kama nitavuka mpaka, kwa kuwa gari kuvuka lina ada yake. Nilizunguka kwa Sligo, Donegal na Letterkenny nikiwa ndani ya Jamhuri ya Ireland muda wote, nikafika usiku, na ncha ya Malin Head kule Inishowen niliyoiota niliikuta giza.

Mengine nayataja kwa haraka. Kutoka jimbo la Clare kwenda jimbo la Kerry ratiba inampeleka mtu hadi mji wa Limerick na kumrudisha, ilhali kivuko cha magari kati ya Killimer na Tarbert huvuka mto Shannon kwa takriban dakika 20 na kuokoa zaidi ya kilomita 100. Majabali ya Slieve League, yenye urefu wa takriban mita 600, karibu mara tatu ya yale maarufu ya Moher, yamepewa nusu saa, ilhali nilipofika magari ya wageni yalikuwa yakiachwa chini na mtu hupanda kwa miguu au kwa basi dogo.

Nilipomwandikia haya yote, alijibu kwamba wateja wengine wamerudi na furaha na kwamba kusafiri peke yangu lilikuwa chaguo langu. Ndiyo, lilikuwa chaguo langu, na bidhaa aliyoniuza iliandikwa kwa jina la mtu anayesafiri peke yake.

Ninadai anirudishie gharama za rimu na mikwaruzo, pamoja na nyongeza niliyolipia gari kubwa. Ninadai pia aiondoe ratiba hii sokoni hadi mwelekeo wa Slea Head, maneno yale ya bima na njia ya kupita Ireland ya Kaskazini vitakapokuwa vimesahihishwa. Nimempa hadi mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo nyaraka zote zitakwenda kwa mamlaka ya kuwalinda wateja ya nchi aliyosajiliwa. Kama nawe uliuziwa ratiba inayoanzia Inishowen na kukupeleka Slea Head kinyume na mabasi, tafadhali andika hapa chini uliambiwa nini kuhusu bima na kuhusu mpaka, na kama uliwahi kurudishiwa fedha. Aliyekwisha kulipa malipo ya awali bila kumalizia yaliyobaki, naomba asimalizie kabla hajapata majibu ya maandishi.