Mtoto wa miaka 9 ana kilo 46, nianzie wapi bila kumuumiza?

MamaJunior_Kinyerezi
Wakuu habari za jumapili. Mwanangu wa kiume yuko la nne, ana miaka 9, tumempima ana kilo 46 na urefu sentimita 134. Nyumbani kila mtu anamsifia, bibi yake ndo kabisa, akija anamwambia mume wangu umenawiri huku anamuongezea minofu. Lakini akipanda ngazi za kwetu anahema mpaka anakaa chini, na juzi kagoma kwenda shule kisa wenzie wanamwita Bonge, kajifungia chumbani analia. Skuli basi inampitia saa kumi na moja alfajiri, anarudi jioni, akitoka hapo tuisheni sababu mwaka huu ana mtihani wa taifa, muda wa kucheza sijui niutoe wapi. Baba yake anataka tumkatie chakula cha usiku, mi moyo unakataa. Nishaurini.

mzee_wa_goba
Dada usijipe presha, huo ni unene wa utoto tu, wangu alikuwa hivyohivyo akarefuka ukaisha wenyewe.

Nesi wa Zamu
Mkuu hapo juu, wako alibahatika, wengi wanakua nao mpaka utu uzima. Kuna kipimo cha uzito kulinganisha na urefu kinaitwa BMI: chukua kilo 46 gawa kwa urefu wake wa mita 1.34, jibu ligawe tena kwa 1.34, inakuja 25 na ushee. Kwa chati za WHO, Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 9 akipita kama 20 na nusu tayari unene umepitiliza, huko sio kunawiri.
Ila dada moyo wako uko sahihi, usimlaze njaa, mtoto anakua huyo, ukimkatia usiku atadokoa jikoni mmelala. Kwa umri wake mara nyingi tunachotafuta ni uzito usimame huku kimo kinapanda, sio ashushe makilo. Anza na vya kunywa, soda ya 350 ml ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na juisi za boksi msizione za afya. Nyumba nzima mnywe maji, asiwe yeye peke yake ananyimwa wakati baba ana soda mezani.
Halafu muangalie nyuma ya shingo, kuna weusi kama uchafu usiotoka? Usiku anakoroma?

MamaJunior_Kinyerezi
Asante dada nesi. Weusi upo! Dada wa kazi anamsugua na dodoki kila siku hautoki. Kukoroma ndio, sana.

Nesi wa Zamu
Mwambie aache kumsugua, sio uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini, ile homoni inayorekebisha sukari, haifanyi kazi vizuri mwilini, sio kwamba tayari ana kisukari ila apimwe sukari na presha wiki hii, na hilo la kukoroma umwambie daktari. Uliza pia kama wana afisa lishe.

Kochi wa Mchangani
Mi nafundisha watoto mpira jioni, naongea ninachokiona. Mtoto mnene akiletwa wenzie wanamuweka golini au anashikishwa mashati, anasimama saa nzima, halafu mzazi anasema mbona michezo haimsaidii! Kabla hujalipia muulize kocha mwanangu atakimbia au atakaa benchi. Kama kuna bwawa lenye mwalimu mpeleke, kwenye maji magoti hayaumii na hakuna anayemcheka anavyokimbia. Zile dakika 60 za kila siku wanazosema WHO sio lazima ziwe za mkupuo, kuruka kamba kabla ya kuoga, kombolela na wa jirani, kutembea na wewe kwenda gengeni, vyote vinahesabika. Na tuisheni ipunguzeni hata siku mbili jamani, mtoto anayeamka saa kumi alfajiri usingizi wenyewe hautoshi, na usingizi mchache nao unanenepesha.

Mwl_wa_Madarasa
Nenda kamuone mwalimu wa darasa kuhusu hilo jina la Bonge, uende mwenyewe usitume meseji. Akilikemea mwalimu linakufa, akicheka na yeye linaota mizizi. Kwenye kikao cha wazazi ulizeni vipindi vya michezo, kwenye ratiba vipo ila vikifika mnakuta watoto wanafanya hesabu. Mkiuliza wazazi kumi tutavirudisha, akiuliza mmoja anaonekana msumbufu.

MamaJunior_Kinyerezi
Nimewaelewa, kesho asubuhi hospitali kwanza. Sasa bibi yake namuanzaje, ni mama mkwe huyo.

Bi Mwanaidi
Usimuanze wewe mwanangu, aongee mwanawe. Na msimwambie asimlishe mjukuu, ataumia. Mwambieni daktari kasema mtoto ale mboga za kienyeji na hapo nyumbani hakuna anayezipika kama yeye. Atashinda jikoni anachambua kisamvu, na mjukuu mpeni kinu atwange.