Nataka kwenda Normandy tarehe 6 Juni na Willys yangu, mliowahi kwenda nipeni mwongozo

fundi_wa_kijani:
Habari za humu wakuu. Nina Willys MB ya 1943, ile Jeep ya jeshi la Marekani ya vita vya pili vya dunia, nimeihangaikia miaka sita, injini imefunguliwa yote, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi, na mwezi uliopita imetembea kilomita 60 bila kuzima njiani. Mwakani nataka niende nayo Normandy, Ufaransa, kwenye kumbukumbu ya tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya washirika yalipotua pwani ile kupigana na Wajerumani, navuka na feri kutoka Portsmouth, Uingereza, mpaka Ouistreham. Mambo matatu yananisumbua. Kwanza spidi, ikifika kilomita 75 kwa saa injini inalia mpaka naionea huruma, sasa sijui nipite barabara gani. Pili alama za kwenye bampa, nyota nyeupe nimeshachora ila namba za kikosi bado, kuna mwenzangu ananiambia niandike za 101 Airborne, wale askari wa miavuli wa Marekani, kwa sababu ndiyo watu wanaikimbilia kupiga nayo picha, moyo wangu unasita. Tatu, na hili ndilo kubwa, nikishafika nifanye nini? Sitaki kwenda kuuza sura mahali ambapo watu walikufa.

MzeePlatini:
Hongera sana kijana, miaka sita si mchezo. Mimi naongelea gari tu hayo mengine wataongea wenzangu. Kilomita 60 bado ni kidogo, kutoka Ouistreham mpaka Sainte-Mère-Église, mji ambao wengi wanaukimbilia, ni kama 100 na hapo hujarudi, kwa hiyo kabla hujakata tiketi tembea 200 kwa siku moja halafu ulale ukaiangalie asubuhi imevuja wapi. Hiyo 75 usiifikie, nguvu za farasi 60 na gia tatu, ipe 60 mpaka 65 itakupeleka popote. Barabara ya N13 iache kabisa, malori yatakupita hadi turubai linataka kung'oka, wewe shika D514 inayofuata pwani, inapita Arromanches na inakwenda mpaka juu ya Omaha, ufukwe waliotua Wamarekani, ni ya polepole na ndiyo utakayoona kitu.

Breki ndizo zinaninyima usingizi kwa haya magari. Mfumo ni mmoja kwa magurudumu yote manne, yaani mpira mmoja wa mafuta ya breki ukipasuka huna breki hata moja, na breki ya mkono inashika shafti siyo magurudumu, ile ni ya kuegeshea siyo ya kusimamishia gari likiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo mipira yote mipya, masta silinda ifunguliwe hata kama inaonekana nzima. Mafuta ukifika Ufaransa weka petroli ya SP98, ile ya E10 ina ethanoli nyingi inakula mipira ya zamani na diaframu ya pampu, na kama unavyojua tenki liko chini ya kiti cha dereva, sasa ikianza kuvuja umelikalia. Jerikeni ya nyuma uliza kampuni ya feri mapema kama wanaruhusu ikiwa na mafuta, usisubiri geti. Umeme ni volti 6 taa zake hafifu, panga safari zako ziishe kabla ya giza. Beba platini, kondensa, fenibelti, plagi nne, pampu ya mafuta, na waya wa kutosha. Stika ya UK usisahau. Kwenye usukani huna shida, uko kushoto tayari.

kombati44:
Mimi naona andika tu 101 mkuu, nusu ya Jeep zote kule zimeandikwa hivyo na hakuna anayelalamika. Watu wanataka kuona kitu wanachokijua. Ila epuka mwaka unaoishia na 4 au 9, marais wanakuja, barabara zinafungwa na bila kibali hupiti, 2024 nilikaa masaa kwenye foleni huku maji yanachemka kwenye radieta.

Bi_Turubai:
kaka kombati nakuheshimu lakini hapo kwenye alama sikubaliani nawe hata kidogo. Ukishaandika namba ya kikosi kwenye bampa maana yake umesema hili gari linawabeba hao watu, na kule utakutana na mtoto wa askari au mjukuu wake ametoka Marekani na picha ya babu mkononi, anaiona ile namba anakuja mbio anakuuliza unajua nini kuhusu kampuni yake, sasa utamjibu nini? Mimi imenikuta. Gari tulilinunua likiwa limeshaandikwa, nikasimama mbele ya yule baba sina neno, na sura yake ilivyoshuka sijaisahau. Niliporudi nyumbani nikafuta. Kama unataka kuandika chagua kikosi, ukisome mpaka ukijue, walitua wapi, walipoteza wangapi, ndipo uandike. La sivyo nyota inatosha, nyota ilikuwa ya washirika wote.

Sasa kwenye swali lako la tatu. Watu wengi wanaokwenda wanadhani tarehe 6 ni sherehe kwa kila mtu wa kule, na kweli utapungiwa mikono na bendera ziko kila dirisha, lakini vita vile viliua raia wa Normandy wapatao 20,000, wengi kwa mabomu ya hao hao waliokuja kuwakomboa. Saint-Lô ilipigwa usiku wa tarehe 6 yenyewe ikabaki vifusi. Mwaka wa pili tuliokwenda, tukiwa kijiji kimoja ndani ndani huko mbali na pwani, mama mmoja mzee sana alitoka nje akaweka mkono juu ya ile nyota kwenye boneti, akaniambia (binti yake alikuwa anatafsiri) kwamba nyota hii ndiyo waliyoisubiri miaka minne na dada yake aliuawa na bomu siku nne kabla haijafika. Hakuwa na hasira. Aliuacha mkono pale muda mrefu, mimi nikazima injini.

Kwa hiyo ushauri wangu nenda vijijini, usishinde Sainte-Mère-Église na Arromanches tu ambako kumejaa. Kwenye ibada ndogo za asubuhi kwenye minara ya majina ya waliokufa fika mapema, egesha mbali kidogo, zima, vua kofia. Makaburini gari linabaki maegesho na honi usipige. Medali ambazo hukupewa usivae, na silaha hata ya bandia iache nyumbani. Colleville, makaburi ya Wamarekani, wanakwenda wote, wewe pita na ya Waingereza Bayeux, na ukipata nusu saa ingia La Cambe pia, wamelala Wajerumani zaidi ya 21,000, ukisoma tarehe za kuzaliwa na kufa kwenye mawe zitakukata maini.

MzeePlatini:
Naunga mkono hoja. Na kwa kuwa unashukia Ouistreham, daraja la Bénouville liko hapo hapo, askari wa Uingereza waliokuja na glaida, ndege zisizo na injini, walitua dakika chache baada ya saa sita usiku, ndiyo wa mwanzo kabisa. Hata Jeep zilibebwa kwenye glaida siku ile. Anzia hapo kabla watu hawajajaa, injini ikiwa bado ya baridi ni mwendo mfupi.

kombati44:
Bi Turubai umenifanya nifikirie. Yangu imeandikwa miaka kumi sasa na hakuna aliyewahi kuniuliza, ila sijui ningemjibu nini.

fundi_wa_kijani:
Shikamoo Mzee Platini, na dada Bi Turubai asante, nimesoma maneno yako mara mbili halafu nikampa mke wangu naye akasoma. Namba siandiki. Masta silinda naishusha Jumamosi hii, na safari ya kilomita 200 naifanya mwezi wa tatu baridi ikipungua. Dada, kile kijiji cha yule mama, kama hutojali nitumie jina lake inbox, nataka nipite pale hata kama yeye hayupo tena.

Bi_Turubai:
Nimekutumia. Ukiingia kijijini mnara wa majina uko upande wa kulia wa kanisa, jina la dada yake ni la tatu kutoka chini.